Mashine ya Bertin Ina Skrini

Jumatatu, 8 Septemba

Habari njema! Mama mkwe amepata shida.

Niieleze vizuri. Jumamosi watu wa mchumba wanakuja kutoa mahari ya Sephora, mdogo wa mke wangu. Katika ukoo wao mahari hayapokelewi hivi hivi. Lazima croisette iwe mezani, ule msalaba wa shaba uliotolewa kama mahari ya bibi yao zamani. Marehemu baba mkwe aliuficha mahali fulani katika kiwanja chake wakati wa uporaji, akafa bila kumwambia mtu ni wapi. Bila croisette, mama mkwe anasema wageni watakunywa soda na kurudi kwao.

Na mwenye mashine ya kutafuta vyuma hapa Likasi ni nani? Ni mimi, Gaston.

Jambo hili limekuja wakati wake. Mke wangu Blandine yuko kwa mama yake tangu mwezi uliopita, pamoja na mtoto wetu Glody. Aliondoka siku nilipovunja sementi ya sebule kwa sababu mashine ililia. (Ilikuwa nondo. Nondo nzuri lakini.) Aliniambia mlangoni: “Minye nitarudia siku ile machine yako itafanya kintu moja ya maana.” Basi siku yenyewe ni Jumamosi. Nimenunua betri mpya.

Nyumba bila Blandine ni mbaya. Nakula bukari, ugali wetu, ikiwa baridi, nimesimama.

Jumanne, 9 Septemba

Bertin!

Bertin ni mume wa dada mkubwa wa Blandine. Anafanya kazi ofisini na anavaa beji yake hata Jumapili. Leo amefika kwa mama mkwe na mashine mpya kutoka Lubumbashi. Nyepesi kama ufagio. Ina skrini. Ina visikizi visivyo na waya. Ukiiwasha inaimba.

Yangu ni sanduku lenye mshale, uzito wake dumu la maji, na sikio moja tu linafanya kazi. Niliipata kwa mzee mmoja mstaafu wa migodini, naye aliikuta kazini. Bertin ameuliza kama ilikuja pamoja na reli. Watu wamecheka. Sephora pia amecheka. Nimeliweka akilini.

Nilimjibu kwamba mashine za zamani zilitengenezwa na watu wasio na haraka. Akabonyeza kitufe, yake ikaimba tena. Hakuna hoja unayoweza kuitoa mbele ya kitu kinachoimba.

Kuna pia suala la ukwe. Sisi wakwe hatuongei na mama mkwe ana kwa ana. Yeye anakaa nyuma ya pazia la mlango, sisi tuko uani, Sephora anabeba maneno. Neno la leo: tuchimbe tunavyotaka, lakini mtu asiguse lengalenga zake, mchicha alioupanda uani.

Jumatano, 10 Septemba

Mashine yangu imefanya kazi sana leo. Imelia kila mahali.

Bertin anasema inalia kila mahali kwa sababu kiwanja chote kilijazwa mabaki ya kiwanda cha shaba, zamani walipojenga nyumba za wafanyakazi. Huo ni wivu. Nimechimba kila ilipolia. Nimepata vijiko, mnyororo wa baiskeli, nusu ya jembe, na mabaki ya kiwanda.

Yake haikulia hata kidogo. Aliipa amri isijali mabaki. Ikatii vizuri mno, haikujali kitu chochote. Mchana kutwa Bertin alitembea uani taratibu kama mtu anayefagia hewa.

Blandine alikuwa akianika nguo. Nilimwambia, kwa sauti ya kutosha Bertin kusikia, kwamba angalau ya kwangu inasema. Akajibu: “Inasema mingi, sawa weye.” Ni maneno ya kwanza kuniambia tangu aondoke! Nimeyafurahia njia nzima hadi nyumbani.

Jioni Sephora ametoka nyuma ya pazia na ujumbe. “Mama eko anauliza kama bakwe yake banatafuta croisette ao banatafuta mashimo.” Bertin na mimi tulitazamana. Tukaanza kufukia.

Lengalenga zimeguswa kidogo.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeupata! Yaani karibu.

Nilikuwa nikipita kando ya ukuta wa nyumba, mashine ikapiga kelele kama mbuzi aliyeshikwa mguu. Mshale ulifika mwisho ukakataa kurudi. Bertin akaja mbio na ya kwake. Hata skrini yake ilikubali, ikaonyesha namba. Sasa tatizo. Ukuta wenyewe ni wa chumba cha kulala cha mama mkwe.

Mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Hata kukiwa na moto. Bertin, na diploma zake zote, alirudi nyuma hatua kadhaa na kuanza kusafisha skrini kwa shati.

Mimi nimefikiri. Desturi inamkataza mkwe kuingia. Haijasema neno lolote kuhusu mashine. Kesho mama mkwe ana kwaya. Nitafunga kichwa cha mashine kwenye mti mrefu wa antena na kukipitisha dirishani. Mimi nitabaki nje na heshima zangu zote.

Nashangaa hakuna mtu aliyewahi kuliwaza hili.

Ijumaa, 12 Septemba

Kwaya iliahirishwa.

Sikuona kitu! Nilifumba macho. Nimewaeleza wote, na wengine nimewaeleza mara mbili. Kichwa cha mashine kiliingia dirishani, kikasukuma pazia, kikamgusa mama mkwe begani akiwa anabadili kitenge. Kisha kikalia. Inaonekana alikuwa amevaa medali ya Bikira Maria. Kama kazi ya mashine, hilo si kosa. Lakini sikupata nafasi ya kulisema.

Ukelele wake ulisikika hadi sokoni. Bertin aliwatangazia majirani kwamba alinionya. Hakunionya! Alinishikia ngazi.

Hukumu imekuja na Sephora: “Mama anasema mukwe abakie ku barabara mpaka ataleta kuku mweupe.” Nimezunguka mji mzima kutafuta kuku mweupe. Wako wekundu, wako wa madoadoa. Mmoja alikuwa mweupe hadi shingoni.

Jioni nimekaa kando ya barabara na mashine magotini. Blandine alisimama upande wa pili wa ua akanitazama, kisha akaingia ndani. Ningependa anigombeze. Nimelia kidogo. Vumbi pia lilikuwepo.

Jumamosi, 13 Septemba

Asubuhi wageni walikuwa tayari njiani, na meza haina croisette. Mama mkwe alikuwa akilia nyuma ya pazia, kilio cha kweli. Hata Bertin alivua beji.

Kisha Bertin akapata wazo (moja): binti anaweza kuingia chumbani. Akampa Blandine mashine mpya. Blandine akaingia, na kutoka ndani akatangaza kwamba skrini inasema sitini na mbili. Bertin, uani, hakujua sitini na mbili ni nini. Kitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa Kichina. Akapaza sauti abonyeze kitufe cha kushoto. Blandine akauliza kushoto ya nani. Kuingia kumwonyesha, haiwezekani. Waliendelea hivyo hadi visikizi vikazima.

Basi Blandine akatoka hadi barabarani, akanyoosha mkono kuchukua yangu. Nikaanza kumfundisha jinsi ya kuishika. “Nyamaza, papa Glody,” akasema. “Hii minye nayijua. Miaka yote njo inaniamusha.”

Nilisikiliza nikiwa nje. Ililia kitandani. “Hii ni chuma ya kitanda.” Ililia kwenye beseni. “Hii ni beseni.” Halafu, kwenye kizingiti cha mlango wa chumba, sauti ikashuka, ikawa nene na ndefu. Mimi nisingeitofautisha. Blandine akasema: “Hii ni shaba. Muvunje hapa.”

Wajomba wa Sephora, waliokuja kupokea mahari, wakavunja sementi. Croisette ilikuwemo, imefungwa kwenye kipande cha ovaroli ya marehemu. Mama mkwe aliibusu. Mashine ya Bertin ilikuwa imepita juu ya kizingiti hicho hicho kimya kabisa: kwake shaba na mabaki ya shaba ni takataka moja.

Mahari yamepokelewa. Nilishuhudia vizuri kutoka barabarani. Sephora aliniletea soda.

Jumapili, 14 Septemba

Blandine amerudi!

Alikuja baada ya misa na Glody na mashine begani. Hakukubali nimbebee. Mbele ya kanisa wanawake walimzunguka: huyu amepoteza hereni, yule ufunguo wa kabati. Amewaahidi kuanza kesho mchana. Sijawahi kumwona akitembea hivyo, kifua mbele.

Nimemwambia tumeshinda, mimi na yeye na mashine. Akanikumbusha kwamba mimi nilikuwa barabarani. Lakini alicheka. Kisha akapika bukari na sombe, majani ya muhogo, tukala tumekaa, wote watatu. Bwana, nina furaha. Sitaki tena kitu kingine chochote duniani.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimefikiri usiku kucha. Ikiwa mashine ya zamani, mikononi mwa mtu asiye na uzoefu, imefanya maajabu haya, mashine mpya itafanya nini mikononi mwa mtaalamu kama mimi?

Asubuhi, Blandine alipokwenda sokoni, nimemkimbilia Bertin na mashine yetu. Tumebadilishana. Amekubali haraka kiasi kwamba nilimhurumia. Hakuuliza hata kama betri ni nzima. Ameniongezea na kitabu cha Kichina.

Blandine amerudi, ameuliza iko wapi, wanawake wanamngoja. Nimemwonyesha skrini. Nimeiwasha ili iimbe. Ameiangalia muda mrefu, kisha ameingia chumbani na kufunga mlango.

Sasa nasikia kitu kama zipu ya begi kubwa. Zipu ni chuma. Nimepitisha mashine mpya mlangoni, polepole, juu hadi chini, kama wataalamu wanavyofanya. Skrini haionyeshi kitu.

Basi si zipu.