Ubatizo wa Mama Kutoka Chini ya Maji

Jumatano, 9 Aprili 2025

Daktari alinitoa nje ya wodi, hapa Nkubu, akaniambia nimpeleke Mama nyumbani nimpe anachopenda. Nikamuuliza ni dawa gani hiyo. Akarudia, polepole zaidi. Nikasema asante. Nilirudi ndani nikamwambia Mama kwamba daktari amefurahi. Mama akasema daktari aliyefurahi hamtoi mtu nje kumwambia.

Anachopenda Mama ni kubatizwa upya. Mtoni, Pasaka hii, mwili mzima, pamoja na kanisa lake jipya. Anasema lile la zamani lilimnyunyizia maji akiwa mtoto, na kwa kuwa hakumbuki, hahesabu.

Ninachotaka mimi ni sura yake. Sina picha yake hata moja, ila ile ya kitambulisho, na pale amekasirika. Akiona kamera hugeukia ukuta. Miaka yote ni mgongo tu. Lakini chini ya maji hakuna ukuta! Wazo limenijia kwenye ngazi za hospitali.

Alhamisi, 10 Aprili

Kazini. Mimi ni karani wa malalamiko katika mradi wa maji. Asubuhi nimeandika tangazo kwa wateja: kwa sababu ya mvua mto umejaa matope, tafadhali acheni maji yatulie kabla ya kuchemsha. Meneja wetu, Bwana Muthamia, akasema nimeandika vizuri. Nimeogopa hadi saa ya chakula. Kwa nini anisifu?

Mchana nimesoma habari za kamera za kuzamia. Kuna mifuko ya plastiki ya kuvisha simu: rahisi, na inaaibisha kidogo. Kuna kamera ndogo za wazamiaji, za mitumba. Kuna kubwa zenye makasha yake, bei ya ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Kipimo changu ni kimoja: kina cha maji. Kidimbwi cha ubatizo pale mtoni kinamfikia Pasta kiunoni. Mimi sitaki kubahatisha. Chini ya mita thelathini sinunui.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimejaribu mfuko wa plastiki kwenye karai la Mama. Maji yameingia. Simu sasa imo ndani ya mchele.

Mama akauliza kama naipika na nazi au bila. Akacheka hadi akakohoa, nami nikasimama na kikombe mkononi nikingoja aache. Alikuwa amenitazama usoni muda wote. Sikuwa na kitu cha kumpigia picha.

Jioni amepita Gitobu. Tulisoma darasa moja. Sasa anapiga video za harusi, ana fulana yenye mifuko mingi, na ana ndege ile ndogo ya kamera. Kanisa limemwita kwa siku ya ubatizo. Akasema atachukua kutoka angani. Nikamwambia anga imeshachoka kupigwa picha. Akauliza mimi nitachukua kutoka wapi. Nikasema atajua siku hiyo.

Jumatatu, 14 Aprili

Niliomba ruhusa nikaenda Meru mjini, Majengo, kwa Faiza, anayeuza simu na vitu vya umeme karibu na msikiti. Akauliza nazamia wapi. Nikasema Nkubu. Akaacha kula njugu.

"Ndugu yangu, Nkubu kuna bahari siku hizi?"

Nikamweleza habari ya Mama. Hakunitania tena. Alitoa kamera iliyouzwa na mtu aliyeacha kuzamia Watamu, nyeusi, ndogo kama sabuni ya kipande. Mita thelathini! Ina mpini unaoelea ili isipotee, na kioo chekundu cha kuvisha lenzi, kwa sababu bahari huwa bluu mno. Nikauliza kama kioo kinafaa mtoni. Akasema yeye huuza tu, kuoga huoga nyumbani. Nimechukua vyote. Amenipunguzia na akamwombea Mama.

Jumatano, 16 Aprili

Majaribio. Nilipanda tangi la ofisi, lenye maji yaliyokwisha chujwa, nikalala kifudifudi na kutumbukiza kamera bila kile kioo. Ajabu! Tai yangu inaelea, unaona hadi uzi. Ndipo Bwana Muthamia akapanda ngazi. Akauliza kama nakagua au nakunywa. Nikasema nakagua ubora. Akasema basi niandike ripoti. Nimeandika: maji ni maangavu kabisa. Kwa hiyo kamera imethibitishwa, tena kwa barua ya ofisi.

Jioni nikamsugua Mama miguu. Imevimba. Kisha akasema:

"Mimi naogopa maji, Mbaabu. Hiyo siku utanishika mkono?"

Mimi pia naogopa maji. Nikasema nitamshika. Akauliza kama nitamshika kweli ama nitamshika vile karani hushika. Nikasema kweli.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Mvua usiku kucha. Tumembeba Mama kwenye kiti cha mbao hadi mtoni, akiwa na joho jeupe na sweta juu yake. Mto ulikuwa rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo. Mama akautazama.

"Leo ni chai," akasema. "Na Mungu hajabania maziwa."

Akina mama wakacheka wote. Ndege ya Gitobu ilikataa kuruka kwenye manyunyu, akabaki ukingoni na kamera yake ya kawaida, chini ya mwavuli. Nimefurahi. Mungu anisamehe.

Niliingia. Maji baridi kama kisu. Mkono wa kushoto Mama, wa kulia kamera, na kile kioo chekundu juu ya lenzi. Lakini ule mpini unaelea! Kila nikiizamisha, inaruka juu. Inataka mikono miwili. Nikamwachia Mama, kidogo tu, mashemasi walikuwa wamemshika mabega. Nikainama, nikaikandamiza kwa nguvu zangu zote, macho nimeyafumba.

Nilipoinuka alikuwa ukingoni tayari, amefunikwa blanketi, wanaimba. Aliniita akauliza kama nimeipata. Nikasema nimeipata vizuri sana. Akanifuta maji usoni kwa kona ya blanketi lake.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimetazama. Tope. Kwa sababu ya kile kioo, tope jekundu. Kelele ya maji, basi. Mwishoni vidole vinatokea karibu na lenzi, vimefunguka, vinapapasa, vinagusa kioo, vinaondoka. Ni vya Mama.

Vinaonekana vizuri lakini. Kamera haina kosa. Tatizo ni mwanga.

Ijumaa, 2 Mei

Mama amefariki Jumanne alfajiri. Nilikuwa nimemshika mkono, wakati huu yote miwili, lakini alikuwa amelala na sijui kama alijua.

Karatasi ya mazishi inataka picha. Tumeweka ile ya kitambulisho.

Jumamosi, 17 Mei

Tumemzika Alhamisi ya wiki jana. Leo Gitobu ameleta video yake ya Pasaka. Alikataa malipo. Alisema pole, akasimama mlangoni na fulana yake ya mifuko, hakujua pa kuweka mikono.

Nimeitazama na mama mdogo Wawira, mdogo wake Mama. Mama anatoka majini mdomo wazi, anacheka. Uso wote, mbele kabisa, hajageuka. Kisha mkono wake unanyooka upande, unafunga na kufungua hewani. Sauti inasikika wazi:

"Mbaabu ako wapi?"

Nyuma yake kuna makalio yangu, juu ya maji.

Mama mdogo alilia hadi akashika meza. Mimi nikairudisha mwanzo. Nikairudisha tena. Nilikuwa nataka kujua niliinama pembe gani. Naona sasa nilikosea: niliingia upande wa juu wa mto, tope lote likanijia.

Nimempigia Faiza. Ana taa ya wazamiaji, yenye nguvu, imara hadi mita sitini. Akauliza ya nani tena, si Mama alishapumzika? Nikauliza bei. Akasema ataniwekea.

Kanisa litabatiza tena Novemba, mvua ikishaanza. Mama mdogo anasema naye alinyunyiziwa tu. Nimezungumza naye jioni nzima na amekubali, kwa sharti moja: anaogopa maji, nimshike mkono.

Nimemwahidi. Taa ina uzito, itahitaji mkono mmoja peke yake, na kamera mwingine. Hilo nitalipanga.