Krismasi Isubiri Pudini Yangu

Bibi Lettice Stickland,
Nyumba ya Pili Baada ya Kanisa,
Ebbleton, Dorset.

Jumanne, tarehe 9 Desemba.

Mhashamu Baba Askofu,

YAH: OMBI LA KUAHIRISHA KRISMASI KATIKA PARISHI YA EBBLETON

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, na kile kikohozi ulichokuwa nacho siku ya kipaimara kimekwisha. Mimi ni Mwanglikana wa kawaida mwenye umri wa miaka hamsini na minane na sijawahi kukusumbua. Hata paa la kanisa lilipovuja juu ya kiti changu majira yote ya baridi sikukuandikia, nilivaa kofia ya mvua nikaendelea kuimba. Kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu leo, ujue maji yamenifika shingoni.

Naomba Krismasi ya mwaka huu, kwa parishi yetu tu, ihamishwe kutoka tarehe 25 Desemba hadi tarehe 10 Januari. Sababu zangu nimezipanga kwa namba ili usichoke.

1. Kasisi hakusoma sala. Wewe unajua kuliko mimi kwamba Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio husomwa ile sala inayomwomba Bwana aikoroge mioyo ya waumini wake ili izae matunda ya matendo mema. Hapa Ebbleton, sala hiyo ndiyo saa yetu. Mwanamke akiisikia anajua akitoka kanisani ni moja kwa moja jikoni, kukoroga pudini ya Krismasi, keki ile nzito ya zabibu inayopaswa kukomaa mwezi mzima kabla ya kuliwa. Marehemu mama mkwe wangu alikuwa akianza kuvua glavu kasisi akiwa bado hajafika kwenye "Amina." Alizoea kusema, "Bwana akoroge mioyo, sisi tukoroge zabibu."

Sasa huyu kijana wenu, Kasisi Tristan Ockley, aliyetujia mwezi wa Agosti na gitaa na kitabu kipya cha ibada, siku hiyo alisimama, akafungua kitabu chake, akasoma sala nyingine kabisa kuhusu Ufalme wa Kristo. Ni sala nzuri, sina neno nayo. Lakini zabibu haimo. Nikajiambia Jumapili yenyewe bado haijafika, nikatulia. Wiki iliyofuata akawasha mshumaa wa kwanza wa Majilio, nikadhani ni haraka za ujana. Juzi alipowasha wa pili ndipo nilipohesabu kwa vidole chini ya kitabu cha nyimbo, nikaona Jumapili ya sala imepita wiki mbili.

2. Mwaka huu si mwaka wa kuchelewa. Nina wifi, Baba Askofu. Anaitwa Hester Stickland, dada mkubwa wa mume wangu Reuben, hajaolewa, na anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mahali panapomwezesha kuona nani ameanika nini. Kwa miaka ishirini na sita niliyoolewa katika ukoo huu, pudini ya Krismasi imepikwa na Hester, ndani ya bakuli la mama yake, kwa maelekezo ya mama yake, na mimi nimekuwa nikikabidhiwa viazi. Kumenya, si kupika. Naye hajawahi kuniita kwa jina langu. Mimi ni "mke wa Reuben," kana kwamba Reuben anao kadhaa na huyu ni mmojawapo.

Mwezi wa Oktoba Hester aliteleza kwenye majani yaliyolowa akavunjika mkono wa kulia. Pudini ya watu kumi na wanne haikorogwi kwa mkono wa kushoto. Akaja kwangu siku ya Jumapili, ndugu wote wamekaa, akaliweka bakuli mezani na ile karatasi ya maelekezo juu yake, akasema, "Chukua, mke wa Reuben. Tutaona."

Nimekaa na hiyo "tutaona" tangu Oktoba, nalala nayo, naamka nayo. Naitaka pudini hii itoke vizuri kuliko ninavyotaka kwenda mbinguni, na ninakiri hilo kwako kwa kuwa wewe ndiye mwenye mamlaka ya kuniondolea dhambi.

(Uniwie radhi, nimeinuka kuongeza maji kwenye sufuria. Pudini iko jikoni sasa hivi ninapoandika, inapikwa kwa mvuke tangu saa mbili asubuhi, na inatakiwa ikae humo kwa muda wa saa nane. Maji yakikauka bakuli linapasuka, na bakuli likipasuka mimi nahama kijiji.)

3. Utaniuliza, mbona jirani zako wamekoroga kwa wakati? Swali zuri. Nimefanya uchunguzi. Bibi Tamsin Rideout wa posta alikoroga siku ileile, eti kwa sababu kalenda yake ya ukutani, ile inayotolewa bure na duka la chakula cha kuku, imeandikwa "Siku ya Kukoroga" chini ya picha ya jogoo. Nikamuuliza kama jogoo amepewa daraja takatifu. Bwana Jethro wa mashine ya trekta yeye alisikia redioni. Basi tumefika hapo, Baba Askofu: kondoo wako wanaongozwa na jogoo na redio, na mimi niliyesubiri sauti ya Kanisa ndiye niliyechelewa. Mwaminifu amegeuzwa mzembe. Sijui kama Mtume Paulo aliona makubwa kuliko haya.

4. Nilimwendea Kasisi mwenyewe, maana mgala muue na haki yake mpe. Nilimkuta anafagia karibu na kisima cha ubatizo. Nikamwambia kwa adabu kwamba pudini yangu imechelewa, na kwamba mwenye kosa ni yeye. Akatabasamu, kijana wa watu, akasema, "Pole mama. Lakini usijisumbue, mimi yangu nanunua dukani. Dakika nne kwenye maikrowevu."

Nilitoka bila kuaga. Mtu anayeweza kuifanya kwa dakika nne kazi ya saa nane atashindwa nini? Kesho atabatiza kwa chupa ya kunyunyizia maua.

(Nimeinuka tena. Maji yako sawa. Pia nimeonja brandi, ile ambayo itamwagwa juu ya pudini siku yenyewe na kuwashwa moto, ili nijiridhishe kwamba haijaharibika. Haijaharibika.)

5. Sasa hesabu. Pudini changa hailiki, huo ni ukweli unaojulikana na kila mtu. Lazima ifungwe kwa kitambaa na kamba, iwekwe penye giza na baridi, isiguswe, mpaka viungo vizoeane na mafuta ya figo ya ng'ombe yaingie kwenye zabibu. Kutoka Jumapili ya sala hadi tarehe 25 ni siku thelathini na mbili. Pudini yangu imezaliwa leo tarehe 9. Ongeza thelathini na mbili: tarehe 10 Januari. Sijaongeza hata siku moja ya kupumzika, ingawa nastahili.

Usiogope kwamba jambo hili ni geni. Nimesoma kwamba huko mashariki wako Wakristo wanaosherehekea Krismasi tarehe 7 Januari, na tangu waanze mbingu haijawaangukia. Sisi tunaomba siku tatu tu zaidi yao. Siku tatu, Baba Askofu, ambazo Yona alizivumilia tumboni mwa samaki bila kuandika barua.

6. Faida za kuahirisha ni nyingi kuliko nilivyodhani nilipoanza kuandika. Bata mzinga wote wa Ebbleton wataongezewa siku kumi na sita za kuishi, na sijasikia bata mzinga hata mmoja aliyepinga. Kwaya, ambayo sitaki kuisema vibaya, itapata muda wa kujifunza sauti ya pili, na labda na ile ya kwanza. Zawadi tutazinunua baada ya maduka kupunguza bei. Theluji, ambayo kila mwaka inakosa Krismasi kwa wiki mbili, mwaka huu itatukuta.

Kikwazo ni kimoja tu, na nimekwisha kukitafutia dawa. Mamajusi hufika tarehe 6 Januari. Kwa mpango wangu watafika Bethlehemu ya Ebbleton siku nne kabla ya mtoto kuzaliwa. Hii si dosari. Kwa muda wote huu wamekuwa wakisifiwa kwa hekima huku wakifika wamechelewa. Waache safari hii wawahi. Wanaweza kusubiri katika chumba cha kuvalia, ambako kuna kipasha joto, na ngamia tutamfunga kwa Bibi Rideout karibu na jogoo wake.

(Nimeonja brandi kwa mara nyingine, kwa ajili ya kulinganisha.)

7. Mwisho, naomba Kasisi Ockley apewe malipizi. Siombi afukuzwe, ana sauti nzuri na mama yake yuko mbali. Naomba tu aletwe jikoni kwangu, apewe mwiko, akoroge kutoka mashariki kwenda magharibi kwa heshima ya safari ya hao Mamajusi, macho amefumba, akiomba ombi moja la siri kama sisi sote tulivyofanya. Leo asubuhi ilikuwa zamu ya Reuben. Aliniuliza jikoni kwetu mashariki ni wapi, nikamwambia ni kwenye jokofu, akakoroga kuelekea dirishani kwa unyenyekevu ulionigusa. Ombi lake sikulijua. Langu mimi unaweza kulikisia.

Kwa kuwa muda ni mfupi, nitashukuru nikipata jibu kabla ya Ijumaa, ili mabango ya ibada yachapwe upya. Kama kuna fomu ya kuahirisha Krismasi, tafadhali itume pamoja na jibu, nitaijaza kwa wino mweusi.

Msalimie sana mkeo, na dereva wako aliyesaidia kusukuma gari la Reuben siku ya kipaimara, na mapadri wote wa kanisa kuu, na yule bibi mwenye funguo. Reuben anakusalimu. Paka anakusalimu. Hester angekusalimu, lakini hajui kama nakuandikia.

Ni mimi mtiifu wako, niliye katikati ya mvuke,

Lettice Stickland (Bi.)

Tanbihi: Baba Askofu, kabla sijalamba bahasha mambo yamebadilika kidogo.

Saa kumi kamili niliitoa pudini motoni. Hata sijavua aproni, mlango wa nyuma ukafunguliwa bila hodi na Hester akaingia, mkono wake umening'inia kwenye kitambaa, akasema harufu imemfikia kitandani. Nikamwambia asisogee, pudini ni ya leo, haiguswi mpaka ikomae. Akasema bakuli ni la mama yake. Akakata kamba kwa kisu cha mkate, kwa mkono wa kushoto, na akachukua kijiko. Nami nikachukua kijiko ili niitetee.

Sijui nikuelezeje. Katika ukoo huu hakuna mtu aliyewahi kuonja pudini siku ilipotoka motoni, maana hakuna aliyethubutu. Ilikuwa nyeusi, laini, ya moto, zabibu zimevimba, brandi inapanda hadi puani. Nusu ya kwanza tuliila tumesimama. Nusu ya pili tuliila tumekaa. Zile siku thelathini na mbili sijui ni za kazi gani, na naomba ile sababu yangu ya tano uifute kabisa.

Tulipofika chini ya bakuli Hester akaweka kijiko mezani. Akasema, "Lettice, Kasisi aliisoma ile sala. Kitabu kipya kimeipeleka mwishoni, baada ya komunyo. Wewe ulishatoka kwa mlango wa pembeni kuwahi nyama yako kwenye oveni, kama kila Jumapili. Nilikuona unatoka, nikasema acha aende."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

Akasema, "Niliogopa utaiweza."

Nimelia, Baba Askofu, na yeye amelia, ingawa anasisitiza kwamba ni mvuke. Kwa hiyo Krismasi iachwe palepale ilipo. Kasisi hana kosa lolote, na wiki ijayo nitampelekea kitu cha kula ambacho hakikutoka dukani. Kesho asubuhi mimi na wifi yangu tunaanza pudini nyingine, yeye akisoma maelekezo na mimi nikikoroga, na siku kumi na tano zitaitosha sana. Bata mzinga uwape pole zangu.

Hester amesoma barua hii yote juu ya bega langu. Anaomba niongeze, kwa ajili ya haki na ukweli, kwamba mdalasini ulizidi. Anayasema haya huku anakwangua bakuli kwa kidole.