Risasi Nzito za Ofisi ya Bwana Nyama

Jumatatu, 5 Desemba 1994
Ngara. Mvua tangu alfajiri. Mama Kalista wa Murusagamba amekuja tena ofisini. Nyati anamaliza muhogo wake. Porini kumejaa mashoka ya watafuta kuni, mnyama kahamia mashambani. Nilimwamkia, nikamweleza kuwa taarifa yake imeandikwa vizuri sana. Akanitazama kwa huruma.

"Karani, wewe unaandika, yeye anakula."

Bwana Nyama, yaani afisa wetu wa wanyamapori, Mzee Evaristi, ana bunduki kubwa ya nyati. Risasi hana. Bukoba, makao makuu ya mkoa, hawajibu barua. Akasema ofisi isiyofanya kazi haihitaji karani. Wiki ijayo niende kambini Benaco kuandikisha wakimbizi. Kambini! Kipindupindu, na watu wengi kuliko mji wowote niliouona. Chakula cha mchana kilinishinda.

Jumanne
Nimepata njia. Stoo kuna sanduku la Mzungu mmoja mwindaji aliyeondoka zamani: kalibu ya kumimina risasi nzito, baruti, maganda matupu ya risasi, na kitabu. Nikimtengenezea Mzee risasi, hatanipeleka Benaco. Nilimwambia elimu hii naijua kwa undani. Kweli nimesoma kurasa za mwanzo. Zilizobaki zililiwa na mchwa. Mzee aliniita mwanangu. Anuari, mtunza stoo, aliuliza kama fundi amewahi kushika bunduki. Wivu.

Jumatano
Nimeyeyusha madini ya betri chakavu nyuma ya ofisi. Moshi mbaya, kichwa kinauma. Risasi zimetoka nene kama kidole gumba. Nzuri! Baruti niliitia kidogo tu, uso nimeugeuzia pembeni. Kitabu kinataka nyingi zaidi, lakini kitabu hakikuwa kimekaa pale nilipokaa mimi.

Kinataka pia risasi zipakwe nta na mafuta, ziteleze kwenye mtutu. Anuari alijitolea kuniletea nta safi kutoka kwa shemeji yake, Biharamulo. Sitaki fadhila zake. Nimenunua masega sokoni, nikayaponda na asali yake. Nta ni nta.

Alhamisi
Nyuki. Ofisi nzima nje kwenye mvua, nyuki ndani juu ya meza yangu. Anuari alisimama ng'ambo ya barabara, akaniita kwa sauti.

"Fundi, hizo risasi tunapiga au tunarina?"

Watu wakacheka. Mzee Evaristi hakucheka. Jicho lake lilikuwa limevimba. Aliniita pembeni, akauliza kama nimezijaribu.

"Fideli, nyati hupigwa kwa karibu. Nitasogea kwa neno lako."

Nikaiona Benaco. Nikasema nimezijaribu.

Jumamosi
Murusagamba. Nilibaki ndani ya Land Rover, milango nimefunga. Bunduki ilitoa sauti kama mtu anayekohoa. Risasi ilianguka kwenye muhogo, mbele ya nyati. Nyati aliitazama. Kisha akamtazama Mzee.

Mzee alikimbia, lakini umri wake si wa kukimbia. Nyati alimfikia, paja limevunjika. Mama Kalista na jirani zake walimfukuza mnyama kwa kupiga madebe, wakambeba Mzee hadi kwenye gari. Nilichelewa kufungua mlango. Njia nzima hadi hospitali ya Rulenge Mama Kalista alimshika kichwa.

Jumatatu, 12 Desemba
Nimekwenda Rulenge. Nikasema shikamoo. Mzee hakusema marahaba. Akageukia ukutani. Nilisimama pale hadi muuguzi akanitoa.

Anuari anakaimu ofisi. Kesho naenda Benaco. Hakunikejeli hata kidogo, jambo lililonitisha zaidi.

Mama Kalista nilimkuta nje ya wodi, amemletea Mzee uji. Nyati bado yupo. Mama anang'oa muhogo mchanga ili apate chochote kabla ya mnyama. Nilimtuliza. Nilimweleza kuwa kosa nimeligundua: risasi zilikuwa nyepesi. Zinatakiwa nzito mara mbili. Baruti naweza hata kuipunguza.

Akanisihi kwa jina la Bikira Maria nisimsaidie tena.

Maskini, amekata tamaa kabisa. Itabidi niharakishe.