Marufuku ya Kunung'unika Bondeni

Kwa fahari kubwa, Idara ya Maji na Utulivu ya Nakuru ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mkazi wa Bondeni atakayeruhusiwa kutoa sauti ya chini. Sauti ya juu ilikuwa imeshakatazwa zamani, kwa hiyo sheria ilikuwa na pengo la wazi, na mwaka huu wa 1957 tukaliziba.

Tangazo nililisoma mimi, Hezekiah Mburu, mkalimani wa idara, nikiwa juu ya sanduku la sabuni kando ya mfereji, bomba la maji la mtaa mzima. Mfereji wenyewe ulikuwa mkavu tangu kiangazi kianze, kwa sababu maji yalikuwa yameelekezwa Milimani, ambako waridi za mkuu wetu, Bwana Pettifer, zilikuwa katika hali ya kuhuzunisha. Uamuzi ulikuwa wa haki kabisa. Waridi haiwezi kutembea mpaka mtoni. Mama wa Bondeni anaweza.

Lakini kila asubuhi akina mama walipofungua mfereji na kupata upepo, walitoa sauti fulani. Mmmh. Basi, hakuna tusi, hakuna neno. Bwana Pettifer aliisikia akipita na gari, hata vioo vikiwa vimefungwa, na chakula cha mchana kikawa hakimshuki.

Tatizo la kwanza lilikuwa la kitaalamu. Mimi ningesema kunung'unika, tumalize. Bwana Pettifer akasema hapana, Kiingereza ni lugha ya watu makini, kila sauti ina jina lake na lazima ikatazwe kwa jina lake. Akaniita ofisini pamoja na askari wetu Kiprugut, mlango ukafungwa.

"Growl," alisema, akanguruma kama simba mwenye mafua. Kiprugut akapiga saluti.

"Grumble," akasema, na mashavu yakamtikisika kama sufuria ya uji. Hiyo ni ya mtu anayetaka kusikika. Mutter ni ya mtu anayetaka kusikika lakini asishikwe, kwa hiyo midomo haiachani. Alipofika kwenye groan akashika kiuno, akaegemea meza, akagumia kutoka kwenye soli za viatu.

Milcah, mpishi wetu wa chai, akachungulia. "Karani, niite gari ya hospitali?"

"Tuko kazini, mama," nikamwambia.

Bwana Pettifer aliiruhusu groan, kwa kuwa inatoka mwilini. Zingine zote zilikuwa hatia. Adhabu aliitunga mwenyewe: mkosaji asimame foleni kwenye mfereji wa Bondeni, debe mkononi, bila kutoa neno lolote, mpaka maji yatoke.

Jumatatu Kiprugut alimshika Wamaitha, mama muuza viazi mwenye kifua kipana na sauti inayoanzia huko.

"Mama, umefanya grambo."

"Sijafanya, afande. Hiyo ni groan. Mgongo."

Kiprugut akanitazama. Nikamwomba mama arudie. Akarudia, kiuno ameshika, macho amefumba. Ilikuwa groan safi, bora kuliko ya Bwana Pettifer. Nikamwachilia.

"Hata mimi ni mgongo," akasema Chelagat aliyekuwa nyuma yake.

Kabla ya Ijumaa, Bondeni nzima ilikuwa na mgongo. Mfereji ukifunguliwa, mtaa wote unagumia kwa kibali cha serikali, na mbwa wa Milimani wanajibu. Niliandaa ripoti kwamba manung'uniko yamekwisha, jambo ambalo lilikuwa kweli. Bwana Pettifer alifurahi sana hivi kwamba akamwalika mkubwa wake wa Nairobi aje ajionee.

Mkubwa huyo alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye tabia mbaya ya kuuliza. Tukampeleka kwenye mfereji. Bwana Pettifer akamweleza kwamba sheria yetu haibagui rangi wala cheo.

"Vizuri," mzee akasema. "Na kwa nini madebe yao ni makavu?"

Bwana Pettifer akatazama pembeni. Midomo yake haikuachana, lakini kutoka chini ya masharubu ikatoka sauti fulani, ndefu, yenye kumhusu mzee na maswali yake.

Kiprugut, ambaye alikuwa anatafuta cheo, akamshika mkono. "Samahani, Bwana. Hiyo ni mata."

Mzee akanigeukia. "Mkalimani, ndiyo yenyewe?"

Nilimtazama Bwana Pettifer, ambaye alikuwa ananitazama kwa jicho la kunikumbusha nyumba yangu ya Bondeni ni ya nani. Nikawatazama akina mama. Nyuma kabisa alisimama mke wangu, Rahab, na debe letu. Asubuhi ile alikuwa amenifulia kola kwa mabaki ya chai. Taaluma ni taaluma.

"Kitaalamu, Bwana Mkubwa, hiyo ni mutter. Midomo haikuachana."

"Basi apewe debe," mzee akasema. Akajitafutia jiwe la kukalia, akawasha kiko.

Wamaitha akatoa lake. Mkuu wa idara akasimama nyuma ya Rahab, kofia kichwani, jua likimpiga. Baada ya muda akaanza kuashiria kwa vidole, kufungua, kufungua, akinitazama mimi. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba nimeajiriwa kutafsiri maneno, ishara si kazi yangu. Kusema hakuweza, kwa kuwa sheria ilikuwa yake.

Mwishowe akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo mkubwa wa valvu ya kugawa maji, akaunyoosha mbele hewani. Wamaitha akaupokea kwa mikono miwili, akapanda nao Milimani. Kabla mzee hajamaliza kiko chake, mfereji ulikohoa, ukatema kutu, kisha maji. Bwana Pettifer alichota wa mwisho.

Ufunguo haukurudi. Mzee aliandika kutoka Nairobi kwamba ukae na yule mama mwenye mgongo, na idara ikatii. Siku hizi jioni Bwana Pettifer hushuka na debe lake kuombea waridi maji. Wamaitha humtazama mpaka foleni iishe.

"Leo unaumwa wapi, Bwana?" humuuliza.

Naye hushika kiuno.