Mchambuzi Ajiandikisha Hisabati

Jumatatu, 1 Julai
Nimefeli Kalkulasi. Sisemi nimeshindwa. Tumeshindwana tu, mimi na yeye. Matokeo yamebandikwa ubaoni mchana kweupe, na kila mpita njia kayasoma kwa sauti. Sasa chuo kinataka nifaulu kozi moja ya hisabati likizo hii, yoyote ya mwaka wa pili, la sivyo Septemba narudia mwaka. Kurudia siogopi. Naogopa mdogo wangu, binti niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, anayeingia mwaka wa pili Septemba hiyohiyo. Darasa moja na mimi! Atanyoosha mkono, atajibu, atageuka kuniangalia. Bora nihame nchi.

Mama kasema nirudie Kalkulasi ileile, maana nusu yake naijua. Nimemwambia sirudi nilikotukanwa. Kauliza nani kanitukana. Nikaenda kulala mchana.

Jumanne, 2 Julai
Nimesoma kozi za likizo zilizobandikwa ofisi ya usajili. Aljebra Mstari: hapana, sijawahi kuchora mstari ukanyooka. Takwimu: hapana, mdogo wangu anaipenda. Kisha nikaiona. Uchambuzi Halisi!

Uchambuzi! Mimi! Pale kinyozini kwa mjomba nikianza kuchambua mechi, wateja wote kimya. Mjomba mwenyewe huzima mashine. (Mdogo wangu anadai huizima kwa sababu narusha mikono, na kuna mteja aliondoka na nyusi moja. Uzushi.) Tena huu ni Halisi, si wa wale wababaishaji wa redioni.

Karani, mama mwenye miwani ya kamba, kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Kasema hata wenye Kalkulasi zao mkononi hutoka huko wakilia. Nikamjibu wanaolia ni wasiojua kujieleza. Akasema haya baba, lakini mwisho wa kubadilisha kozi ni Ijumaa saa sita mchana. Nikamshukuru kwa heshima yenye dharau ndani yake.

Mdogo wangu kusikia, kacheka hadi akakaa sakafuni. Alitaka kunieleza kitu. Nimekataa kuelezwa.

Jumatano, 3 Julai
Nimevaa tai. Nimesukutua koo kwa maji ya chumvi. Darasani tuko watano, wenzangu wamekonda wote. Mhadhiri wanamwita Thibitisha, sikujua kwa nini.

Kaandika ubaoni kwamba kati ya namba mbili tofauti daima ipo nyingine. Kauliza nani ana la kusema. Nikasimama! Nikasema namba ya kati ndiyo kiungo. Inakimbia sana, haisifiwi, lakini ikiumia hiyo, timu nzima imekwisha. Nikapanga hadi wachezaji wa akiba. Mhadhiri akavuta kiti akakaa. Nikajua nimemshika.

Nilipomaliza kasema neno moja: thibitisha. Nikasema kila mtu anaona. Thibitisha. Nikasema hata mtoto anajua. Thibitisha! Nikamwambia basi athibitishe yeye kwamba haipo. Darasa likacheka, yeye hakucheka. Binti wa mbele kasema jumlisha zote mbili, gawa kwa mbili. Basi. Kakaa. Watu wakaandika!

Huo ndio uchambuzi? Hauna hata jazba! Nimemwambia mhadhiri huo ni ubahili wa maneno. Kanionyesha mlango kwa chaki.

Alhamisi, 4 Julai
Nimeanzisha mapambano. Nimewaomba wenzangu twende pamoja kulalamika kwamba jina la kozi linahadaa umma. Mmoja kaniuliza nilidhani uchambuzi wa nini. Nilipomwambia, kaenda kuwaita wengine waje wasikie. Hakuna aliyenifuata.

Nimeingia kwa mkuu wa idara peke yangu. Kanisikiliza mpaka mwisho huku kafunika mdomo kwa kiganja. Kasema jina halibadilishwi kwa ajili yangu, ila najua kuongea. Nimetoka kifua mbele.

Nilipofika kwenye ngazi nilikaa chini. Nitasema kweli hapa ambapo hakuna anayesoma: naogopa. Nahesabu siku zilizobaki hadi Septemba.

Jioni mdogo wangu kaja chumbani. Hakucheka. Kasema kaenda kumsihi karani, na kiti kimoja cha Kalkulasi kimebaki, ananiwekea mpaka kesho saa sita. Yeye mwenyewe atanifundisha kila jioni. Nikamuuliza anapata faida gani. Kasema tangu shule ya msingi anawaambia rafiki zake kwamba hesabu kafundishwa na kaka yake, na hataki waje wamwone kaka huyo amekaa nao darasani. Nikakubali.

Ijumaa, 5 Julai
Nimefika usajili asubuhi. Kiti kipo. Kalamu nimepewa. Karani kageuka kutafuta muhuri, nami nikatupa jicho ukutani, chini kabisa, mahali nilipokuwa sijasoma.

Nadharia ya Makundi!

Makundi! Kwenye simu yangu mimi ndiye msimamizi wa kundi la mtaa, la ukoo, na la harusi ya binamu ambaye ameshaachika. Nimewahi kumtoa mjomba na kumrudisha siku hiyohiyo, baada ya yeye kuomba radhi. Nani ananifundisha makundi? Kiti cha Kalkulasi nimemwachia binti aliyekuwa nyuma yangu. Kanishukuru hadi nikaona haya. Karani kavua miwani, kaniangalia bila miwani, kagonga muhuri.

Mdogo wangu alikuwa nje ananisubiri juani. Kauliza kama nimejiandikisha. Nikasema nimejiandikisha. Akanikumbatia mbele za watu, machozi yakimlengalenga. Sikuona sababu ya kumharibia siku kwa maelezo.

Nimefungua kundi jipya la kunipongeza. Nimemwingiza yeye, mama na mjomba. Yeye kaandika wa kwanza: hongera, mwalimu wangu. Mama kauliza tunapongeza nini. Nimemtoa mama.