Jenereta la Marehemu Mzee Hollis

Jumapili, 14 Septemba

Tumefika Orlando. Hoteli iko ndani kabisa ya Himaya ya Mamba, ile bustani kubwa ya michezo. Ukifungua pazia unaona treni ya kupindua matumbo na kichwa cha Mfalme Mamba chenye taji. Na foleni hakuna! Kimbunga Winifred kiko kusini mwa Kuba, na ile koni ya utabiri kwenye runinga imetuelekea sisi, basi wageni wa kutoka kaskazini wamebeba mabegi na kutimua mbio. Sisi wa Florida tumetulia. Nimepanda treni mara nne mfululizo. Raha tupu.

Chakula cha jioni. Mama mkwe, Bi Verna, kagonga glasi kwa uma. Kasema nyumba ya Palatka ameiuza, amechoka na nyasi na ngazi. Na jenereta la marehemu Mzee Hollis litakwenda kwa mmoja wetu: mimi, au shemeji Royce, kaka yake mke wangu. Anataka kuona ni yupi anayeweza kutunza watu wakati wa dhoruba. Kimbunga ndicho hicho kinakuja. Yeye atakaa atutazame.

Moyo ulinilipuka. Jenereta lile! Jekundu, linawaka kwa kuvuta kamba mara moja tu, linaendesha friji mbili, runinga na feni zote. Kila kimbunga ukoo mzima ulijazana kwa Mzee Hollis, na mwenye jenereta ndiye aliyekuwa mkubwa wa watu. Nami tangu nimuoe Noreen, Bi Verna hajawahi kuniita kwa jina. Mimi ni "huyo mume wa Noreen". Inaniuma, siwezi kujidanganya humu daftarini. Nikilipata jenereta, ataniita Delmar.

Noreen akauliza mama atahamia wapi sasa. Mama akajibu kwamba hilo litazungumzwa. Mambo yao hayo. Mimi nilikuwa nawaza jenereta.

Royce naye macho yalimtoka. Anajigamba eti alikuwa jeshi la wanamaji. Alikuwa mpishi!

Jumatatu, 15 Septemba

Royce kaamka mapema, mshenzi. Nilipokuwa kwenye chapati za maji na asali, yeye alikuwa anarudi kutoka dukani na toroli zima: maji, mikate, betri, siagi ya karanga, soseji za kopo. Kavipanga vyote mbele ya Bi Verna kama mwenye duka. Bi Verna akasema, hivi ndivyo alivyokuwa Hollis.

Nikakimbilia duka lile lile. Rafu tupu! Palibaki kopo moja la maboga na mishumaa midogo ya keki. Nimenunua vyote viwili. Mtu hajui.

Hapo ndipo akili ikafanya kazi. Humu Himaya kila kibanda cha chakula kinakupa kikombe cha maji ya barafu bure, ukiomba tu. Nikachukua deli letu la barafu lenye magurudumu, nikaanza safari. Kikombe kimoja hapa, kikombe kimoja pale, namimina, nasonga mbele. Penye mashua za maharamia mama mmoja muuzaji akanitazama sana, akaniuliza, "Baba, figo zako zi salama kweli?" Nikamwambia nina familia kubwa. Akauliza mbona siioni. Nikasonga mbele.

Deli likajaa hadi juu. Nalivuta hadi ghorofa ya tano, jasho linanitiririka, moyo mweupe. Nikaliacha mlangoni nitafute ufunguo mifukoni. Sasa hoteli imeanza kupokea watu waliohamishwa kutoka pwani ya Ghuba, nao wamekuja na mifugo yao yote: mbwa, paka, kasuku mmoja mwenye matusi ya bandarini. Mbwa mkubwa wa watu wa Cedar Key, mji mdogo wa huko pwani, akatokea, akanywa, akashiba, kisha akaingia ndani ya deli na kukaa. Alikuwa na joto, masikini.

Bi Verna kafungua mlango wake wakati huo huo. Kamuuliza Noreen tangu lini huyo mume wake ameanza kazi ya kuogesha mbwa. Royce kacheka hadi akashika ukuta.

Cheka tu, bwana mpishi.

Jumanne, 16 Septemba

Jambo la ajabu. Asubuhi nimewaona Royce na Bi Verna wakinywa kahawa wawili tu huko chini. Mazungumzo marefu. Bi Verna anaongea, Royce anasikiliza, na uso unazidi kumpauka. Alipoinuka alikuja moja kwa moja kwangu, akanikumbatia. Royce! Hajawahi kunishika hata mkono kwa hiari yake. Akasema, "Shemeji, wewe ndiwe mwanamume wa familia hii. Wallahi siwezi kushindana nawe."

Nikajua hapo hapo ni mbinu. Mbinu za kijeshi hizo.

Na hakuishia hapo. Maji yake yote kawagawia watu wa Cedar Key. Betri kasema si saizi yake, kazirudisha dukani. Mbele ya Bi Verna akaniuliza eti tochi inawaka upande gani. Nikamweleza taratibu, maana mimi si mtu wa kulipiza visasi. Bi Verna kamtazama mwanawe tu, tena kwa muda.

Alasiri upepo ukaanza. Wakatangaza kwamba saa kumi na mbili kila mtu awe ndani. Nikaenda dirishani. Pale kwenye bwawa la kuogelea, viti vya kulalia vimetapakaa kila upande, na wafanyakazi wawili wanakuja na kamba mwendo wa harusi! Mtoto yeyote wa Florida anajua: kiti kikibebwa na kimbunga kinaingia kwenye kioo cha mtu. Kiti unakizamisha bwawani. Kikiwa chini ya maji, upepo utakifanya nini? Nyumbani tunafanya hivyo kila mwaka.

Nikateremka mbio, nikapanda juu ya meza, nikapiga kelele, "Jamani, vyote majini!" Watu wa Cedar Key hawakuhitaji maelezo. Wakapanga mstari. Viti, meza, miavuli, mapipa ya taulo, yote chubwi, chubwi! Wale wafanyakazi wawili nao wakatupa kamba wakajiunga. Sijawahi kuongoza watu wengi namna ile. Nilijiona nimerefuka.

Mwisho kabisa kikabaki kitu kimoja kimefunikwa turubai la mvua, kizito kama ng'ombe. Tukakisukuma watu watano. Kikazama kwa mapovu mengi, na kabla ya kufika chini kikapiga honi.

Kilikuwa kigari cha umeme cha Bi Verna. Kile alichokodi cha kuzungukia Himaya kwa sababu ya magoti yake.

Na Bi Verna alikuwa pale kibarazani, amesimama na fimbo, anatazama.

Sasa sikia unafiki. Royce karuka mbele, kifua wazi, anapaza sauti: "Mama, ni mimi! Mimi ndiye niliyekizamisha! Sifai hata kupewa tochi, Mama!" Yaani anataka aonekane muungwana, mtu anayebeba makosa ya wenzake! Thubutu! Sikukubali. Nikasema mbele ya umma wote kwamba amri ilikuwa yangu, mkono wa kwanza ulikuwa wangu, na hata wazo lilikuwa langu. Yeye akasema ni wake. Mimi nikasema ni wangu. Nusura tushikane mashati kando ya bwawa. Watu wa Cedar Key walishuhudia kwamba ni mimi, Mungu awabariki.

Royce kaondoka kichwa chini. Nimemweza.

Baadaye kidogo nikakumbuka kwamba kigari kweli kimezama.

Jumatano, 17 Septemba

Winifred kafika. Toka asubuhi anga jeusi na mvua inakwenda ubavu. Saa nane umeme ukakatika vyumbani. Wakatangaza wote tushuke ukumbi wa mapokezi, mbali na vioo. Lifti imekufa. Bi Verna yuko ghorofa ya tano, na miguu yake ya umeme iko chini ya bwawa.

Nikamtazama Royce. Royce kashika mgongo ghafla, eti umekamata. Jana alikuwa anarusha meza!

Basi nikainama. Bi Verna akapanda mgongoni kwangu. Akanipiga bega kwa fimbo, akasema, "Taratibu, wewe mume wa Noreen, mimi si deli." Ghorofa tano. Nilihesabu dhambi zangu zote njiani. Kati ya ghorofa ya tatu na ya pili upepo ukavuma kwa mlio mmoja ambao sijawahi kuusikia, jengo likaguna, na Bi Verna akanikaba shingo kwa mikono yote miwili. Alikuwa anatetemeka. Mama yule! Sikuwahi kufikiri kwamba anaogopa kitu chochote hapa duniani.

Tulipofika chini hakuniachia mkono. Akaniambia polepole, Noreen asisikie, kwamba kimbunga kikija Hollis alikuwa anakaa kando yake na kuongea upuuzi mpaka upepo uishe. Chochote tu, mradi asisikie ule mlio.

Upuuzi? Mimi? Nikaanza. Ninauza vigae vya bafuni, nina maneno ya wiki nzima. Nikamwelezea vigae vyeupe na vya krimu. Nikamwelezea yule mteja wa Gainesville aliyebandika vyake kichwa chini na kunilaumu mimi. Nikamwelezea gundi. Kila upepo ulipopandisha, nami nikapandisha sauti. Watu waliokaa karibu wakaanza kusogea mbali, lakini yeye alikuwa anaitikia. Hata akauliza swali moja kuhusu gundi!

Tukala lile kopo la maboga kwa kijiko kimoja. Akasema si mabaya. Yule mfanyakazi anayevaa vazi la Mfalme Mamba kaletwa kuchezesha watoto, taji limepinda, na yule kasuku wa pwani akamtukana mbele ya wote. Tulicheka hadi machozi, Bi Verna kuliko wote.

Jioni dhoruba ikageukia baharini. Nimechoka mgongo, nimechoka taya. Nimefurahi sana leo, sijui hata kwa nini.

Alhamisi, 18 Septemba

Jua! Miti imelala chini, taji la sanamu la Mfalme Mamba liko juu ya paa la choo, lakini kioo hata kimoja cha hoteli hakikuvunjika. Wanavua viti bwawani kama samaki. Meneja, binti mwenye redio ya kiunoni, alisema viti vyote vilikuwa viwekwe stoo, na dawa ya bwawa imeharibu magodoro ya viti hivyo. Nikamwambia asante si lazima. Kigari kimetolewa na chura ndani yake.

Staftahi. Bi Verna kagonga glasi. Nikaacha kutafuna.

Kasema jenereta ni langu.

Na kasema hivi, neno kwa neno: "Delmar, ni lako." Delmar! Machozi yalinitoka juu ya sahani, wala sikujificha. Akaongeza kwamba liko sharti moja dogo. Yeye na jenereta lile hawajaachana tangu alinunue Hollis, basi linakokwenda naye anakwenda. Kumbe ndiko anakohamia!

Royce alikuwa ameinama chini ya meza kuokota kitambaa chake. Mabega yanamtikisika. Alikaa huko chini muda mrefu sana, maskini, analia. Nilimhurumia kwa kweli. Kushindwa ni kubaya.

Noreen kanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimesikia vizuri mama alivyosema. Nikamwambia kila neno. Kuna chumba changu cha sampuli za vigae, kinatosha. Akanishika mkono, akaniambia mimi ni mtu mwema kuliko ninavyojua. Nikamwambia najua.

Jumapili, 21 Septemba

Nyumbani, Starke. Jenereta liko kibarazani, nimelipangusa mara mbili. Bi Verna yuko chumba cha vigae. Vigae viko kitandani kwetu.

Kiti changu kakipenda, nimempa. Runinga sasa ni ya vipindi vyake vya mahakama. Na jina langu! Delmar, kahawa. Delmar, dirisha. Delmar, mbona nyasi zako ziko hivi? Delmar, njoo uniambie tena habari ya gundi, sipati usingizi. Tangu alfajiri sijakaa. Hapa mjini hakuna mwanamume anayeitwa kwa jina lake kama mimi.

Royce ndiye aliyeleta mizigo yake yote, kwa gari lake, bila kuombwa. Kabeba hata kabati peke yake, mgongo umepona. Alikuwa anapiga mluzi. Nikajua anaficha uchungu.

Ila mtu huyu hana adabu. Anapanda garini, ananiambia kwamba paka watatu wa Mama bado wako kwa jirani kule Palatka, na hao nisiwaote hata ndotoni. Eti ni paka wa heshima, Mama hawezi kumpa mtu hivi hivi, na safari hii yeye Royce hatakubali kushindwa.

Ebo! Hatakubali?

Nimeshanunua chakula cha paka.