Malalamiko ya Shavu la Mguu wa Kulia dhidi ya Ofisi ya Michezo

Makomredi wa miguu iliyochoka, popote mliposimama. Na wewe, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Michezo wa chuo chetu, ambaye baada ya saa za kazi ni Mjomba wangu:

Shikamoo. Naandika kwa unyenyekevu wote unaowezekana kwa mtu aliyeonewa. Jumamosi kitivo chetu kinacheza fainali na kitivo cha uhandisi, na jina langu, mimi winga wa kulia na mwenyekiti wa Kamati ya Haki za Wanamichezo, limeondolewa kikosini kwa sababu ya shavu la mguu. Nafasi yangu amepewa kijana wa mwaka wa kwanza anayepasha misuli moto hata kabla ya kupiga mswaki. Kabla historia haijatuhukumu, pokea malalamiko haya.

1. Kuhusu kujeruhiwa kwangu. Siku ya mazoezi, wenzangu walipokuwa wakirukaruka na kujinyoosha, mimi niliwahutubia nikiwa nimesimama wima, nikieleza kwamba kupasha misuli ni kumfanyisha mfanyakazi kazi kabla ya saa ya kazi. Filimbi ikalia. Nikaukimbilia mpira wa kwanza, na papo hapo nikapigwa teke kwa nyuma, kwenye shavu la mguu, nikasikia ta, kama kamba iliyokatika. Nilipogeuka nimkamate mhalifu, nyuma yangu hapakuwa na mtu. Beki aliyenikaba alikuwa mbali, amechuchumaa, anafunga kamba za viatu. Tabibu wa viungo, yule tunayemwita Mama Visigino, alidai kwamba ndivyo msuli unavyochanika: mtu hudhani amepigwa. Kamati imechunguza na kubaini kwamba nilipigwa na mfumo.

2. Kuhusu matibabu. Nililazwa, nikafungwa bandeji, nikawekewa barafu iliyoviringishwa kitambaani, na mguu ukapandishwa juu ya mito mpaka ukapita kifua. Nakiri nilifurahi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mwili huu, aliye chini aliinuliwa juu ya walio juu. Nikadhani ni mapinduzi. Kumbe ni mpaka uvimbe upungue tu. Kisha mguu ukarudishwa sakafuni kubeba mwili uleule. Punda afe, mzigo ufike.

3. Kuhusu kunyimwa kuchuliwa. Mwenzangu wa chumbani, msomi wa falsafa mwenye viganja vya kukamulia nguo, alikuja na mafuta ya moto anichue. Mama Visigino alimfukuza, akisema msuli uliochanika jana haukandwi leo, utavuja damu zaidi. Nauliza: tangu lini mshikamano ukahitaji kibali cha daktari?

4. Kuhusu ngazi. Uvimbe ulipokwisha, niliamriwa nisimame ukingoni mwa ngazi, niinuke kwa vidole, nishushe visigino polepole, kisha nirudie, kila siku. Kwanza kwa miguu yote miwili, baadaye kwa mmoja. Mjomba, huko ni kupanda ngazi bila kufika popote. Mbaya zaidi, sitarudi uwanjani mpaka mguu mgonjwa uinuke sawasawa na mzima, bila maumivu. Yaani wafanyakazi wawili wa mwili mmoja washindanishwe, wagawanywe, watawaliwe. Nilikataa hadharani. Bibi alipopata habari alinipigia simu kunikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Namheshimu, ila kwa usahihi wa kumbukumbu, guu langu halikuvunjika, lilichanika.

5. Kuhusu dirisha lako. Kwa kuwa ulikataa kutupokea, kamati imekuwa ikiandamana asubuhi na jioni kwenye ngazi za nje ya ofisi yako, ili tukutazame machoni. Lakini dirisha liko juu mno. Inatubidi tusimame ukingoni mwa ngazi na kuinuka kwa vidole ili tuchungulie; tukichoka tunashusha visigino polepole, tusije tukaporomoka mbele ya adui, kisha tunainuka tena. Na kana kwamba hayo hayatoshi, kuna mtu anayebandika gazeti kwenye kioo na kulipandisha kidogo kila siku, nasi tunalazimika kuinuka zaidi. Jana wanaharakati walifurika hata nikakosa pa kuweka mguu wa kushoto. Nilikuchungulia kwa mguu wa kulia peke yake mpaka ukamaliza chai yako. Huu ni ukatili.

Kwa hiyo tunadai kwamba mashavu ya miguu, la kulia na la kushoto, yapate wawakilishi katika bodi ya michezo. Uwanja uinamishwe ili timu yetu ishuke mteremko katika vipindi vyote viwili. Hilo likishindikana, mapumziko yarefushwe yawe mechi, na mechi ifupishwe iwe mapumziko. Na hilo nalo likishindikana, wachezaji wote walale chali, miguu juu ya mito, barafu igawiwe kwa usawa, na mpira ukimbizwe na wanaoupenda zaidi, yaani wakurugenzi. Hapo hatachanika mtu.

Usipotujibu, hatutashusha visigino mpaka haki ishuke.

Ni mimi, mpwa wako mtiifu katika mambo ya nyumbani na mpinzani wako katika mengine yote. Msalimie Bibi, pia mkeo, watoto, na karani wako, ambaye hutuona kila siku akajifanya anatazama mawingu. Msalimie hata yule winga wa mwaka wa kwanza.

Mwenyekiti,
Kamati ya Haki za Wanamichezo

Baada ya saini: Nilipoileta barua hii, mlango ulifunguliwa na Mama Visigino, gundi mkononi, gazeti la leo kwapani. Aliniambia nisimame kwa mguu wa kushoto, niinuke, nikainuka. Wa kulia, nikainuka vilevile, tena na tena, wala sikusikia maumivu. Akauliza kama kamati ingependa kuhamia kwenye dirisha la juu zaidi. Kwa sababu hizo nafuta malalamiko ya kwanza hadi ya tano pamoja na dai la kulala chali. La mteremko libaki. Mjomba, nirudishe kikosini, walau benchi. Makomredi, mkutano ujao ni Jumamosi saa kumi jioni, uwanjani. Wanakamati wote mfike saa tisa na nusu, mmevaa raba, tupashe misuli moto kwanza. Sitahutubia.